Tumbo la Jumamosi: maziwa yalivyoninyima namba Endamarariek

DAKIKA ya 64, ubao unasoma 1-1. Ubao wenyewe haukuwepo, lakini kila mtu pale uwanjani Endamarariek alikuwa anaijua hesabu. Ni nusu fainali ya ligi ya mbuzi, mwaka 2006. Wapinzani ni vijana kutoka upande wa Endabash, na mimi nimevaa jezi namba 7, winga wa kulia.

Mpira umetoka, wao wanarusha. Badala ya kukaba, niligeuka nikatimua mbio. Nikaruka kamba, nikapita katikati ya akina mama waliokuwa wanauza karanga, nikazama kwenye shamba la mbaazi.

Niliporudi, dakika kama sita baadaye, tulikuwa tumeshapigwa la pili. Lilipitia upande wangu.

Mechi ikaisha 2-1. Mbuzi akaenda kwa wengine. Jioni ile ile maneno yakaanza kutembea kuanzia kwenye magulio mpaka kwenye mashine ya kusaga: "Yule dogo kauza mechi." Wengine wakasema nimerogwa. Waliokuwa na huruma kidogo wakasema mimi ni mwoga tu, presha ya mechi kubwa inanishinda.

Nilikuwa na miaka 19. Sikuwahi kuvaa tena ile jezi.

Nayaandika haya leo kwa sababu najua sikuwa peke yangu. Kwenye kila timu ya mtaani, kuanzia Karatu hadi Kigamboni, kuna mchezaji mmoja ambaye tumbo lake lina kesi isiyoisha. Analalamika kujaa gesi, anaharisha siku ya mechi, vipimo vinasema hana kitu, na kocha ameshachoka kumsikiliza. Huenda sababu iko kwenye kikombe anachokunywa kabla ya kuvaa viatu.

UTARATIBU WA JUMAMOSI

Kwanza muijue timu yetu. Endamarariek ni kata ya wakulima na wafugaji, wilayani Karatu, mkoani Arusha. Wenyeji wengi ni Wairaqw, ambao watu wa nje wamezoea kuwaita Wambulu. Wanalima mahindi, maharage, mbaazi na ngano, na nyumba nyingi zina ng'ombe. Mimi baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa huko kutoka Newala, Mtwara. Kwa hiyo nilikuwa Mmakonde pekee kwenye kikosi, na utani ulikuwa hauishi.

Kila Jumamosi ya mechi tulikusanyika kwa mzee mmoja, mfadhili wetu. Hakuwa na hela za kutununulia jezi ila alikuwa na ng'ombe. Saa tisa mchana ilitoka sufuria kubwa ya maziwa fresh yaliyochemshwa, yana sukari na bado yana moto. Kila mchezaji alipewa kikombe cha bati cha nusu lita, na ukimaliza unaongezewa. "Kunyweni, wanangu, mkakimbie," mzee alikuwa anasema. Ungekataaje?

Mimi nilikuwa nakunywa viwili. Saa kumi kipyenga kinapulizwa. Ikifika dakika ya 30 tumbo linaanza kunguruma kama trekta linalopanda mlima. Wakati wa mapumziko limeshajaa kama ngoma. Kipindi cha pili ni kuomba Mungu.

Siku za kawaida nilikuwa mzima kabisa. Nyumbani tulikunywa chai ya rangi, na ugali tulikula kwa mboga au kwa maziwa ya mgando ambayo jirani alimletea mama. Mgando haukuwahi kunisumbua. Ndiyo maana hakuna aliyeyafikiria maziwa, hata mimi mwenyewe. Tumbo linauma Jumamosi, Jumamosi kuna mechi, basi ni woga. Hesabu ilionekana imekamilika.

TAIFODI MARA NNE

Nilipohamia Dar es Salaam kimasomo, tumbo nalo likanifuata. Sasa haikuwa Jumamosi tu. Chai ya maziwa ya asubuhi, aiskrimu siku ya sikukuu, glasi ya maziwa usiku baada ya mtu kuniambia yanatuliza vidonda vya tumbo. Kwa muda wa miaka kadhaa nilitibiwa taifodi mara nne. Amiba ndiyo sikumbuki hesabu, Flagyl nilikuwa natembea nazo mfukoni kama pipi. Nikapewa na dawa za vidonda vya tumbo. Kila dozi ilinipa nafuu ya siku mbili tatu, kisha tunarudi pale pale.

Daktari aliyenifungua macho hakuanza na kipimo chochote. Alianza na maswali.

"Linauma baada ya kula nini?"

"Halichagui, daktari."

"Linachagua. Wewe ndiye hujaliangalia. Saa ngapi baada ya kula?"

Akanipa daftari la shule, lile la kurasa 40, akaniambia niandike kila ninachokula na kunywa, saa yake, na tumbo limefanya nini. Akachukua choo kikapimwe kuhakikisha hakuna amiba, giardia wala minyoo. Nilirudi baada ya siku kumi. Akapitia kurasa zile na kalamu nyekundu mkononi, akazungushia neno moja tu kila alipolikuta. Maziwa. Alizungushia mara tisa, na mara nane kati ya hizo tumbo lilivurugika ndani ya saa mbili.

"Acha wiki mbili. Usile kitu kingine kipya, usibadilishe chochote. Halafu kunywa glasi moja tuone."

Wiki mbili zilipita kimya. Glasi ilipoingia, baada ya dakika 50 nilikuwa chooni. Sikuwahi kufurahia kuharisha kama siku ile.

NGURUMO INATOKA WAPI

Maziwa yana sukari yake ya asili inayoitwa laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo mwembamba unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktezi, kinachoikata sukari ile vipande viwili vidogo vinavyoweza kupita kuingia kwenye damu. Mtoto mchanga anacho tele. Lakini kwa watu wengi duniani, takriban theluthi mbili ya watu wazima, kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya kuacha kunyonya. Huo si ugonjwa. Ndivyo miili ya wanyama wengi wanaonyonyesha ilivyo.

Laktosi isiyokatwa inateremka nzima hadi utumbo mpana. Huko kuna bakteria wanaoisubiri kama mashabiki wanaosubiri geti lifunguliwe. Wanaichachua na kutoa gesi, na sukari yenyewe inavuta maji kuingia kwenye utumbo. Gesi ndiyo ngurumo na kujaa. Maji ndiyo mbio za kuelekea shamba la mbaazi. Kwa kawaida hutokea kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa.

Sasa chukua kalamu. Maziwa ya ng'ombe yana laktosi kama gramu 5 katika kila mililita 100. Kikombe cha kawaida cha robo lita kina kama gramu 12, na wengi wenye tatizo hili wanaweza kuvumilia kiasi hicho, hasa pamoja na chakula. Mimi pale kwa mzee nilikuwa nagonga lita nzima, yaani karibu gramu 50. Hicho ndicho kipimo ambacho wataalamu humpa mtu kwa makusudi wanapotaka kuona kama utumbo wake unaiweza laktosi. Kila Jumamosi nilikuwa nafanyiwa kipimo cha maabara, halafu naambiwa nikapige krosi.

Na mgando? Bakteria wanaogandisha maziwa wanakuwa wameshakula sehemu ya laktosi, na wanaendelea kusaidia kazi hiyo tumboni. Ndiyo maana watu wengi wanaoshindwa maziwa fresh wanakula mtindi bila shida. Mama zetu wa kibuyu walilijua hilo kwa vitendo kabla ya maabara.

WATAFITI NA JIRANI ZETU

Kuna jambo lililoniacha mdomo wazi. Mwaka ule ule wa 2006 niliposhutumiwa kuuza mechi, kundi la watafiti lilikuwa linamalizia kazi iliyowahusu hasa watu wa maeneo yetu. Liliongozwa na Sarah Tishkoff, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, na miongoni mwa washiriki alikuwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili. Walipima watu 470 wa makabila 43 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Mtu alikunywa laktosi, kisha akachomwa kidole mara kadhaa kuona kama sukari inapanda kwenye damu. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature Genetics, mwishoni mwa 2006 mtandaoni na Januari 2007 kwenye karatasi.

Walikuwemo Wairaqw, Wadatoga, Wamaasai, Wasandawe na hata Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi. Walichogundua ni kwamba baadhi ya watu wa Afrika Mashariki wana mabadiliko ya vinasaba yanayofanya laktezi isizimike ukubwani, na mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Yaani babu zetu wafugaji walilipata bao hilo kwa njia yao wenyewe. Badiliko linaloonekana zaidi Tanzania na Kenya lilikadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800, wakati ambao ng'ombe walikuwa wanasambaa huku kwetu. Aliyeweza kunywa maziwa kipindi cha njaa na ukame aliishi, akazaa, akarithisha.

Wahadzabe waliwaachia watafiti fumbo. Ni wawindaji na wachimba mizizi, hawafugi, lakini karibu nusu ya waliopimwa waliiweza laktosi.

Kwa hiyo wenzangu wengi kikosini walikuwa na urithi wa wafugaji. Mimi urithi wangu ulitoka uwanda wa Makonde, kwenye mihogo na korosho. Ila msije mkasema tumbo linafuata kabila kama jezi inavyofuata timu. Hata ndani ya makabila ya wafugaji wapo wasioiweza laktosi, na kwenye makabila ya wakulima wapo wanaoiweza. Beki wetu wa kati, Mwiraqw wa kuzaliwa, aliniambia miaka mingi baadaye kwamba naye alikuwa anaumwa. Alikuwa anamwaga chake nyuma ya zizi, sema aliona aibu kusema.

MESSI, DJOKOVIC NA LASANYA YA SPURS

Aibu hiyo haipo Karatu tu. Mnakumbuka Lionel Messi wa 2014, alivyokuwa anatapika uwanjani? Ilisemwa kila kitu. Hata kocha wake wa timu ya taifa, Alejandro Sabella, alitaja mchecheto. Mwaka 2018 Messi mwenyewe aliieleza televisheni ya kwao Argentina kwamba kwa miaka mingi alikula ovyo, chokoleti, alfajores na soda, na kwamba baada ya kubadilisha msosi hali ile ilikwisha. Hakudai kujua sababu kamili. Alibadilisha sahani, akaona tofauti.

Kwenye tenisi yupo Novak Djokovic. Januari 2010 huko Melbourne alikuwa mbele kwa seti mbili kwa moja dhidi ya Jo-Wilfried Tsonga, kisha tumbo na pumzi vikamwangusha, akalala. Daktari mmoja Mserbia, Igor Četojević, aliyekuwa akiangalia kwenye televisheni, alimtafuta na baadaye akamwambia tatizo ni chakula. Djokovic akaacha vyakula vya ngano, na mwaka 2011 akabeba mataji matatu makubwa kati ya manne. Ila tuwe wakweli: mojawapo ya vipimo alivyofanyiwa kilikuwa kushika kipande cha mkate tumboni huku mkono mwingine ukisukumwa. Hicho si kipimo cha kisayansi. Kuacha chakula na kuangalia kinachotokea, hapo kuna maana.

Na ili msikimbilie kulaumu kila sahani, washabiki wa Arsenal watanisaidia kusimulia hii. Mei 7, 2006, siku ya mwisho ya ligi, Tottenham walikuwa nafasi ya nne. Usiku wa kuamkia mechi na West Ham wachezaji wao kibao walianza kutapika na kuharisha hotelini. Wakafungwa 2-1, Arsenal wakaipiga Wigan 4-2 na kuchukua nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Lawama zote ziliiangukia lasanya. Vipimo vilipotoka, mhalifu alikuwa kirusi aina ya norovirusi, na lasanya ikaachiwa huru.

Na kama bado unaona haya, Gary Lineker alishasimulia hadharani jinsi tumbo lilivyomwachia uwanjani, Kombe la Dunia 1990 dhidi ya Ireland. Bao alikuwa ameshafunga.

SI MAZIWA TU

Karatu ni ghala la vitu vitamu vinavyoweza kuwa na kesi tumboni. Vitunguu vya Mang'ola vinasifika mpaka nje ya nchi. Ngano ipo. Maharage ndiyo usiseme, na makande ni chakula cha heshima. Lakini vitunguu na ngano vina aina ya wanga iitwayo fruktani, na maharage yana ndugu yake. Hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuvimaliza. Kila mtu anapata gesi kidogo, ila wenye utumbo mwepesi wanapata mateso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio waliojenga mpango wa chakula unaopunguza kundi hilo la wanga kwa muda, kisha unarudisha kimoja kimoja.

Mechi nayo inaongeza mafuta kwenye moto. Unapokimbia kwa kasi, damu inahama kutoka tumboni kwenda kwenye misuli. Chakula kilichokuwa kinasagwa taratibu kinaachwa njiani. Weka na mchecheto juu yake, tumbo linakasirika mara mbili. Kwa hiyo waliosema nina presha hawakukosea kabisa. Walikosea walipoishia hapo.

Kutovumilia chakula pia si mzio. Mzio ni kinga ya mwili kupigana na chakula. Hata punje ya karanga inaweza kumvimbisha mtu midomo, ikambana pumzi na kumuua, na huyo hospitali ni sasa hivi. Kutovumilia kunatesa na kuaibisha, na mara nyingi kunategemea kiasi ulichokula.

USIJIPIME MWENYEWE KICHWANI

Kabla hujayapa maziwa kadi nyekundu, kuna wachezaji wengine wa kukaguliwa. Maji machafu yanaleta giardia na amiba, na giardia wanaweza kuuchubua utumbo mpaka mtu akashindwa maziwa kwa muda, kisha akapona. Kuna minyoo, kuna vidonda vya tumbo. Ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito, una homa, unaamshwa usiku na kuharisha, au umepungukiwa damu, nenda hospitali. Hilo daftari pekee haliliwezi. Anayeshuku ngano asiiache kabla ya kupimwa, maana kuna ugonjwa wa seliaki ambao kipimo chake cha damu kinataka mtu awe bado anaila.

Jihadharini pia na wanaouza vipimo vya damu vinavyodai kukupa orodha ya vyakula mia unavyovikataa. Vingi vinaangalia kingamwili aina ya IgG, ambazo huonyesha tu kuwa umewahi kula chakula hicho. Vyama vya madaktari wa mzio vimeshavikataa. Mtu anatoka na orodha ndefu, anaacha kula, anakonda na namba anapoteza.

Kwa mchezaji wa kawaida njia ni nyepesi. Andika unachokula kwa siku kumi. Ukikishuku kitu, kiache wiki mbili, kisha kirudishe peke yake. Siku ya mechi kula saa tatu au nne kabla, chakula ulichokizoea: wali, ugali laini, ndizi, viazi, mboga kidogo. Maharage na makande yahamie jioni baada ya mechi. Ukiacha maziwa usiache madini yake. Mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani vinakupa kalsiamu.

NIMERUDI KWA KOCHA

Mwaka jana nilipita Endamarariek. Vumbi jekundu ni lile lile, ule uwanja bado unateremka kuelekea goli la chini. Kocha wetu wa 2006 sasa ana mvi, anafundisha watoto. Nilimpa shikamoo, tukakaa kwenye gogo, nikamweleza yote, daftari, glasi, dakika 50.

Alikaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo hukuchukua hela ya watu."

"Sikuchukua, mwalimu. Nilikunywa maziwa."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kuna dogo wake mmoja, winga wa kushoto, ana mguu kweli kweli, lakini kila mechi anaomba kutoka kipindi cha pili akishika tumbo. Alikuwa ameshapanga kumweka benchi.

"Anakunywa nini kabla ya mechi?" nikamuuliza.

Kocha hakunijibu. Alinyanyuka, akamwita yule dogo kutoka kwenye mazoezi, akamketisha kati yetu, akamuuliza yeye mwenyewe.